Maji Yaliyonywewa na Waridi

Neno ambalo Padre Belchior Quaresma hakulivumilia darasani lilikuwa "huenda". Mwanafunzi alipolitamka, yeye aliweka kitabu chini, akavua miwani, akangoja. Hakukemea. Alingoja tu, mpaka kijana mwenyewe akaona haya na kuianza sentensi yake upya. Wanafunzi wa nyumba ile ya watawa, juu ya kilima cha Coimbra, walitaniana kwamba Padre Belchior akifika mbinguni atawadai malaika hoja ya pili, kwa kuwa ya kwanza haitamridhisha.

Alizaliwa ng'ambo ya mto Mondego, katika mitaa ya chini ambayo mto huijia kila mwaka bila kubisha hodi. Baba yake alikuwa mkamuaji wa mafuta ya zeituni. Mama yake alifariki katika kumzaa, na aliyemlea ni dada yake, Brites, aliyekuwa bado msichana wa kucheza na wenzake. Brites alimnywesha maziwa ya mbuzi na kumtafunia mkate wa mahindi. Alipokua alishika ukunga, kazi ambayo watu wa mtaani walisema aliichagua ili kulipiza kisasi kwa kifo. Mdogo wake alionekana ana kichwa cha kushika mambo, akapelekwa kwa watawa, akasomeshwa, akavishwa joho, na mwishowe akapewa kiti cha kufundisha elimu ya maumbile. Akakikalia kiti hicho mpaka mikono yake ikalilainisha tegemeo.

Kila mwaka, zeituni zilipoanza kuiva, aliwaandikisha wanafunzi fundisho lile lile. Kila kitu cha duniani kimefanywa na viwili, maada na umbo. Maada peke yake haina sura wala jina. Ni kama mgeni aliyesimama kizani akingoja kuvikwa. Umbo ndilo linalomvika na kumfanya awe jiwe, mzabibu, mbwa au mtu. Tena umbo ni moja katika kila kitu, kwa maana wafalme wawili hawakai katika kiti kimoja. Kwa hiyo maji yaliyokandwa na unga yakaokwa hayamo tena katika mkate. Umbo la maji limekwenda zake. Kilichobaki ni nguvu yake tu, kama joto linavyobaki kitandani baada ya mlalaji kuamka.

Matabibu wa mjini walishikilia mafundisho ya matabibu wa Kiarabu wa zamani, kwamba maji yamo bado ndani ya mkate na ndani ya mwili, ila yametiishwa kama mateka. Padre Belchior aliwahurumia. Baada ya kuzivunja hoja zao aliandikisha mifano, na mfano wa mwisho ulikuwa huu: "Marashi ya waridi, ingawa ni mepesi na ya kumiminika, si maji. Hili ni hakika." Hapo aliyafunga masomo ya wiki.

Brites alikuja getini kila Jumapili na chungu kilichofunikwa kwa kitambaa. Hakujua kusoma, lakini miaka mingi ya kuongea na mdogo wake ilikuwa imemwachia makombo ya elimu ile, naye aliyatumia kumchokoza.

"Supu hii imepungua chumvi," Padre Belchior alisema siku moja.

"Chumvi imo. Imefunikwa na umbo la supu. Si ndivyo mnavyodanganyana humo ndani?"

"Chumvi katika supu imeyeyuka tu, dada. Kuyeyuka ni jambo jingine."

"Ulimi wangu hauoni ujingine wake. Kula, Mwalimu, kabla haijageuka umbo."

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Ikafika mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wakati wa joto na wa mawaridi. Brites aliitwa mchana kwa Violante, mke wa Amaro, fundi wa mapipa, aliyekaa juu kabisa ya ngazi za mtaa wao. Uchungu ulikuwa mbaya. Mtoto alitanguliza miguu. Maji yote ya nyumbani yalikuwa yamekwisha kutumika, na jirani alikuwa ameshuka chemchemini na mtungi. Mtoto alitoka akiwa hai. Alivuta pumzi kidogo, akaanza kugeuka rangi ya buluu. Mkononi mwa Brites ilikuwapo chupa ya marashi aliyokuwa akimnyunyizia mama usoni asizimie. Akammiminia mtoto kichwani, akatamka maneno ya ubatizo bila kukosea hata moja, akamwita Yohane. Jirani alipopanda na mtungi uliojaa, mtoto alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwa ajili ya joto hawakukawia. Asubuhi alizikwa ndani ya kanisa la mtaa, chini ya mawe ya watoto yaliyo karibu na mlango, akiwa amevikwa nguo nyeupe.

Padre Simão Godinho, paroko wa kanisa hilo, alikuwa mtu wa taratibu. Desturi iliagiza kwamba mkunga akibatiza kwa dharura aulizwe baadaye nani alibatiza, kwa maneno gani, na kwa kitu gani. Sikukuu ilipokwisha akamwita Brites. Mawili ya kwanza yalipita salama.

"Na ulimmiminia nini, Mama Brites?"

"Marashi, Padre."

Padre Simão aliinua macho. "Marashi ya dukani?"

"Ya kwangu. Nilichemsha maua ya waridi, nikakinga mvuke wake. Ndiyo yaliyokuwa mkononi."

"Hukuweza kuyangoja maji?"

"Mimi niliweza. Mtoto hakuweza."

Ubatizo hautaki kingine ila maji ya kweli. Kama marashi si maji, mtoto hakubatizwa. Na asiyebatizwa halali katika ardhi takatifu. Itabidi mawe yang'olewe, mtoto atolewe, azikwe nje ya ukuta pale wanapozikwa wasio na jina, na kanisa litakaswe. Padre Simão hakuipenda kazi hiyo. Akapanda kilima kwenda kutafuta mtu wa kumwamulia.

"Ningemwendea mwingine," alimwambia Padre Belchior, "maana najua mkunga ni nani kwako. Lakini kila nitakayemwendea atakuja kukuuliza wewe. Ukisema kwa hakika kwamba ni maji, mtoto atabaki alipo. Ukisema kwa hakika kwamba si maji, nitamwita mchimba kaburi. Ukisema jambo lina shaka, sheria inamwachia marehemu mahali alipolala. Nipe jibu lako kwa maandishi kabla ya Jumapili."

"Jibu langu linajulikana," alisema Padre Belchior.

"Najua. Nililiandika mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi wako. Ndiyo maana nakupa siku za kulifikiri."

Kesho yake Brites alikuja getini, ingawa haikuwa Jumapili. Alikuwa amechoka, na sardini alizozibeba zilikuwa zimeungua upande mmoja.

"Umekuja kwa ajili ya marashi," alisema mdogo wake.

"Nimekuletea sardini. Marashi yamekuja yenyewe."

"Dada, mimi siwezi kusema lisilo kweli."

"Nani amekuomba? Kama ningetaka uongo ningeusema mimi, kwa Padre Simão, mambo yakaisha." Akakaa kwenye benchi la mawe. "Violante hajaambiwa kitu. Yuko kitandani, maziwa yanamtoka, hana wa kumnyonyesha. Amaro anambembeleza kwamba mtoto yuko karibu na mlango, atampitia kila Jumapili akienda misa. Wakimfukua, nitakwenda kumwambia mimi. Si Padre Simão, wala si wewe. Basi nataka nitakachomwambia kiwe kimetoka kwa mtu anayekijua."

"Nimekifundisha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Kufundisha, najua umefundisha." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeshusha mzigo aliokuwa ameuzoea. "Na wewe ulibatizwa na mkunga. Bibi Catarina. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Mama alikuwa anakata roho, wewe ulikuwa mweusi kama zeituni, nasi tulikuwa katika chumba cha kukamulia. Bibi aliingiza mkono katika chombo kilichokuwa karibu naye. Pale palikuwa na vyombo vingi, mdogo wangu. Vya maji, vya mafuta, na vya yale maji machafu ya zeituni. Baba hakuuliza. Padre wa wakati ule naye hakuuliza. Ukaishi, na mtu akiishi hakuna anayeuliza."

Padre Belchior alitazama mikono yake, iliyopakwa mafuta matakatifu alipokuwa kijana, mikono iliyoinua kikombe altareni kila asubuhi ya maisha yake. Kwa maana asiyebatizwa hawezi kuwa padre.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Kula, zinapoa."

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi ya mjadala kila Jumamosi. Mtu mmoja hutetea fundisho, mwingine hulishambulia, na mwalimu hukaa kitini juu yao na kuamua. Jumamosi ile Padre Belchior alitangaza swali la marashi. Akamwita Padre Lopo, mwalimu mdogo aliyekuwa zamani mwanafunzi wake bora, awe mtetezi. Kisha akateremka kutoka kitini, akavuka ukumbi, akaketi katika benchi la washambuliaji. Watu walitazamana. Jambo hilo halikuwa limepata kuonekana.

"Waridi hunywa maji ya ardhini," alianza. "Wakubali?"

"Nakubali," alijibu Padre Lopo.

"Yakisha kuingia katika waridi, ni maji?"

"Si maji. Umbo lake limeondoka, limetawala umbo la waridi. Ya maji imebaki nguvu."

"Moto ukalivunja waridi, mvuke ukatoka. Umbo la waridi limo katika mvuke ule?"

"Halimo. Waridi limekwisha kufa."

"Basi maada ile imevikwa umbo jipya. Umbo gani?"

"La marashi."

"Gogo bichi likitiwa motoni hutoka matone mwishoni mwake. Matone yale ni nini?"

"Ni maji, Padre. Yamezaliwa upya, kwa kuwa nguvu ya maji ilikuwa imebaki ndani ya gogo."

"Katika gogo nguvu ya maji yazaa maji. Katika waridi nguvu ile ile yazaa kitu kingine. Nionyeshe kinachoitofautisha."

Padre Lopo hakutikisika. Alikuwa ameyasoma majibu haya mpaka yakawa ulimi wake. "Harufu. Marashi yananukia, na maji hayana harufu."

"Mondego hunuka kila ufurikapo, nasi huwabatiza watoto wa mitaa ya chini kwa maji yake."

Vijana wakacheka.

"Harufu ya mto ni ya matope," alisema Padre Lopo, "imeongezwa kutoka nje. Harufu ya marashi ni ya asili yake."

"Wajuaje kwamba ni ya asili yake? Wajuaje kwamba si mafuta kidogo ya ua yaliyopanda pamoja na mvuke, yakakaa juu ya maji ya kweli kama matope yakaavyo ndani ya mto?"

Padre Lopo alitafuta katika kumbukumbu yake, ukurasa baada ya ukurasa, na alichokikuta alikisema kwa unyofu.

"Kwa sababu ndivyo ulivyotuandikisha, Padre."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukanyamaza wote kwa pamoja, kwa kuwa walikuwa wameuona uso wa mzee. Padre Belchior alikuwa anamkumbuka mwalimu wake mwenyewe, aliyezikwa chini ya sakafu ya ukumbi ule, na sauti yake ya puani ikiandikisha: *si maji, na hili ni hakika*. Yeye kijana aliandika. Wino ulikuwa mzuri, mkono ulikuwa mwepesi, na swali halikumjia. Labda halikumjia hata mwalimu yule. Hakika ile ilikuwa imepokezanwa kutoka mkono hadi mkono, kama ndoo wakati wa moto, na hakuna aliyekuwa ametazama ndani.

"Hoja imejibiwa kwa jina langu," alisema akisimama. "Jina langu si hoja. Mjadala umekwisha."

Mkuu wa nyumba, Padre Anrique, alimkuta katika ushoroba. Walikuwa wamezeeka pamoja.

"Watasema umemwokoa dada yako," alisema Mkuu.

"Watakuwa wamesema nusu ya kweli, Baba Mkuu. Asingekuwa dada yangu nisingeuliza. Lakini nilipouliza, jibu halikuwapo. Kutokuwapo kwake si kosa la Brites."

"Mimi nami nitatia saini chini ya maneno yako. Hilo silikatai, kwa kuwa hukuligusa fundisho lenyewe. Umetoa jiwe moja dogo ukutani. Lakini mwakani kijana atasimama akuulize ni mawe gani mengine yanayocheza."

"Atakuwa na haki. Naye akiuliza, asimkute kitini mtu aliyewafundisha vijana wote wa mkoa huu kulionea aibu neno 'huenda'. Mpe kiti Lopo. Ameshindwa leo mbele ya watu, na hakusema uongo ili aokoke."

"Na wewe?"

"Wagonjwa wetu wanahitaji mtu wa kuwasomea sala."

Maandishi yaliyomfikia Padre Simão jioni ile yalikuwa mafupi kuliko yote aliyowahi kuyatoa Padre Belchior. *Kwamba marashi ya waridi si maji, nimelifundisha kuwa hakika, nalo si hakika. Kwamba ni maji, silijui pia. Jambo lina shaka. Mtoto aachwe.* Padre Simão aliyasoma mara mbili, kisha akaenda mwenyewe kumwambia mchimba kaburi aondoe sururu aliyokuwa ameiegemeza ukutani, nyuma ya mlango.

Jumapili Brites alikuja na chungu. Alikuwa tayari amekwisha kupata habari, kwa kuwa katika mitaa ya chini habari hutangulia kengele. Alikaa mahali pake.

"Mtoto ameachwa," alisema.

"Ameachwa."

"Na huko juu, amepokewa?"

Padre Belchior alikishika kijiko bila kula. "Niliulizwa habari za ardhi, dada. Nimejibu habari za ardhi."

"Sasa nakuuliza mimi."

Miaka yote hiyo alikuwa na jibu kwa kila aliyemuuliza. Alilitafuta hili kwa uaminifu, kama Lopo alivyolitafuta lake, na hakulipata.

"Sijui," alisema. "Rehema ya Mungu haikufungwa ndani ya maji, hilo naliamini. Lakini kulijua, silijui."

Brites alitikisa kichwa taratibu. Hakulia, alikuwa ameshika watoto wengi waliokufa, na machozi yake yalikuwa na mahali pake pa faragha. "Basi nitamwambia Violante la ardhi."

"Na hilo jingine?"

"Hilo jingine tutalibeba wawili, mimi na wewe. Amaro na mkewe lawatosha walilonalo."

Wakalibeba. Padre Belchior alihamia chumba kidogo karibu na wagonjwa, akawasomea sala, akawageuza upande waliotaka, na hakupanda tena kitini. Kuhusu chombo cha Bibi Catarina alimweleza askofu kwa siri. Askofu alimbatiza tena kwa sharti, "ikiwa hukubatizwa", kisha akampa upya upadre wake, kwa sharti lile lile. Mzee alipiga magoti katika kanisa dogo lililofungwa milango, na maji yalipomtiririka shingoni alitetemeka kwa baridi kama mtoto. Vijana waliokuja baadaye hawakujua kwamba mzee yule alikuwa amepata kuogopwa. Kila alipopita kanisa la mtaa alisimama kidogo karibu na mlango, juu ya mawe ya watoto, huku amevua kofia.

Brites naye hakuacha ukunga mpaka magoti yalipomkatalia ngazi. Tangu mwaka ule alifunga kiunoni chupa mbili, ya marashi upande wa kushoto, na upande wa kulia nyingine aliyoijaza upya chemchemini kila Jumamosi. Jumapili, kabla ya kufunua chungu, aliivua ile ya kulia na kumkabidhi mdogo wake. Yeye aliiinua kwenye mwanga, akaitazama, akamimina tone kiganjani na kulionja.

"Ni maji?" aliuliza Brites.

"Ni maji."

"Huenda?"

"Hakika."

Hapo Brites alirudisha kizibo, akaifunga chupa kiunoni, na kumpakulia supu.